Mkono wa Kituo cha Kumi na Tisa

Shemeji yangu ni mkaguzi wa mizani, na nikisema mkaguzi simaanishi mtu wa kupita dukani, akanywa soda, akaondoka. Hubeba sanduku la mbao lenye mawe ya shaba yaliyopangwa kwa ukubwa, kuanzia la kilo tano mpaka kijiwe cha gramu moja, ambacho hukishika kwa kibanio ili jasho la vidole lisikiongezee uzito. Akiingia sokoni, wauza nyama huanza kukohoa mmoja baada ya mwingine, maana hiyo ndiyo ishara yao. Mizani ikipunja hata gramu kumi, anatoa mfukoni kadi nyekundu yenye uzi, anaifunga kwenye mizani ile na kuigonga muhuri: HAIFAI KUTUMIKA MPAKA IKAGULIWE UPYA. Hapo umlilie, umwapie, umtajie watoto wako wote kwa majina, ni kumpigia mbuzi gitaa. Mtaa mzima unamwita Mizani.

Mimi ni mdogo wa mke wake. Naishi chumba cha uani hapo kwao tangu nilipoachika, na kwa kuwa shemeji ni wa kutaniwa, nitamtania. Mchana nafanya kazi duka la kuchapa na kutoa nakala, na hiyo ndiyo sababu nayajua mambo haya yote, maana barua zake zote zimepita mikononi mwangu.

Kazi yake ya pili, isiyo na mshahara wala likizo, ni kuvizia setilaiti. Jua likishazama, huku chini kunakuwa giza lakini huko juu bado kunamulikwa, kwa hiyo setilaiti inayopita huonekana kama nyota iliyokumbuka kuwa imeacha jiko linawaka. Mizani huchagua nyota mbili anazozijua, anangoja setilaiti ikate katikati yake, na anataka kujua ni saa ngapi, dakika ngapi, sekunde ngapi na vipande vya sekunde. Mtu mwingine aliye mbali anapima vilevile kwake. Ukiviweka pamoja vipimo vya watu kama hao, unaweza kupiga hesabu ya njia inayopita setilaiti kuizunguka dunia, na kusema kesho itatokea wapi na saa ngapi. Wako ishirini na kitu ulimwenguni, wote wa kujitolea: mmoja mwokaji mikate, mmoja daktari wa meno, mmoja mwalimu mstaafu. Kila mmoja ana namba ya kituo. Vipimo vyao vyote hupelekwa kwa mzee mmoja wa nchi ya mbali ambaye hatujawahi kumwona, nasi tunamwita Mpiga Hesabu.

Cha kwetu ni Kituo cha Kumi na Tisa. Usifikirie jengo. Ni zege linalofunika tangi la maji nyuma ya jiko, kiti kimoja cha plastiki, kigoda kimoja, na kamba ya kuanikia nguo ambayo lazima ifunguliwe kabla ya saa moja jioni la sivyo mashuka yanaziba upande wa kaskazini.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mizani anakaa kwenye kiti, darubini kaishika kwa mikono yote miwili, viwiko kavikandamiza kifuani. Dada anakaa kwenye kigoda na ile saa ya kupimia mbio, ya kubonyeza. Setilaiti ikikata katikati ya nyota mbili, Mizani anapaza sauti, "Sasa!" Dada anabonyeza, saa inaanza kukimbia. Kisha dada anaitia mfukoni mwa aproni na kwenda kugeuza mboga, mpaka redio ilie zile ti-ti-ti za kutimia kwa saa. Kwenye mlio wa mwisho anabonyeza tena, saa inasimama. Unatoa muda huo kwenye saa iliyotimia, unapata wakati kamili wa lile "Sasa". Dada anaandika kwenye daftari kwa mwanga wa tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, ili macho ya bwana mkubwa yasiharibiwe na mwanga.

Sheria ya kituo ilikuwa moja tu: "Macho kwenye saa, mama watoto. Usinyanyue kichwa."

Baada ya chakula Mizani alisafisha meza na kuanza hesabu zake, kwa kikokotoo ambacho namba saba yake haikubali mpaka uisukume kwa ncha ya kalamu. Alijaza ukurasa, akakata, akajaza mwingine, halafu akatangaza kama kadhi: "Kesho, saa moja na dakika nane, kaskazini magharibi, juu kidogo ya tangi la jirani." Na kesho yake, saa moja na dakika nane, mimi nimesimama mlangoni pa jiko na kikombe changu cha chai, kitu kinatokea juu kidogo ya tangi la jirani. Mara ya kwanza nywele zilinisimama. Sikumwambia, asije akavimba kichwa.

Dada yangu ni muuguzi wa zahanati. Kwa miaka ishirini na saba ameshika viganja vya watu na kuhesabu mapigo ya moyo, jicho kwenye saa iliyobanwa kifuani. Ni mtu wa maneno machache. Nadhani ndiyo maana ndoa ile ilidumu, kwa sababu maneno yote yalikuwa na mwenye nayo.

Mwaka wa kumi na moja bahasha ikaja, nene, yenye stempu nne. Ndani yake mlikuwa na cheti. Mimi ndiye niliyekitafsiri, na nakikumbuka neno kwa neno: "Kwa Kituo cha Kumi na Tisa, kwa mkono ulio thabiti kuliko wote. Vipimo elfu nne na ushee, na kila kimoja kimechelewa sehemu tatu za kumi za sekunde, si zaidi, si pungufu. Mkono usiobadilika hausumbui mtu. Tunatoa tatu, tunaendelea na safari."

Nilikisoma kwa sauti, nikamtazama dada. Dada alikuwa anamenya vitunguu. Nikamtazama shemeji. Shemeji alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe.

Alikitia fremu ya kioo. Jumamosi akaalika wenzake wawili wa ofisini na jirani mwenye tangi, tukanunua soda na karanga, akasimama chini ya cheti chake akakohoa kama wauza nyama. Alizungumza robo saa kuhusu anga. Mwishoni akainua viganja: "Ndugu zangu, hii ni kazi ya mikono yangu miwili."

Dada alikuwa anaingia na sinia la glasi. Akaliweka mezani polepole, hata glasi moja haikugonga mwenzake. Akasema, "Mikono yako miwili ilikuwa imeshika darubini. Saa ilishikwa na nani?"

Wageni wakacheka, wakidhani ni utani wa mke na mume. Na angeachia hapo, angepona. Lakini shemeji yangu naye akacheka, akasema, "Ah, mama watoto, wewe si ni kubonyeza tu!"

Ulimi hauna mfupa. Dada akagawa glasi, akawakaribisha wageni karanga, akawasindikiza mpaka getini. Kisha akaenda chumbani, akaiweka ile saa ndani ya kabati chini ya mataulo, akafunga mlango wa kabati.

Kesho yake jioni Mizani alifungua kamba ya nguo, akatoa kiti, akatoa kigoda, akangoja. Akachungulia sebuleni. Dada alikuwa anatazama taarifa ya habari, miguu juu ya stuli.

"Mama watoto, muda umefika."

"Muda wa nini?"

"Wa kazi. Pipa linapita."

"Nenda kabonyeze. Si ni kubonyeza tu?"

Hapa lazima niseme habari za Pipa, kwa sababu dada hakuchagua wiki mbaya kwa makusudi, ila kama angechagua asingepata mbaya zaidi. Pipa ni jina nililolipa mimi, nikaliandika kwenye barua zetu mpaka Mpiga Hesabu naye akalitumia. Ni kipande cha roketi, kirefu kama basi, kilichoachwa huko juu kilipomaliza kazi yake, miaka kumi na tisa iliyopita. Sasa lilikuwa limechoka, linashuka. Mizani hupenda kueleza kwamba kitu kinachoshuka hakipungui mbio, kinaongeza: kila siku Pipa lilipita mapema kuliko jana, na ukijua limewahi kwa kiasi gani unaweza kukisia litaanguka lini na upande gani wa dunia. Mpiga Hesabu alikuwa amewaandikia wote, lakini Kituo cha Kumi na Tisa alikiandikia peke yake: "Upande wenu sina mtu mwingine. Nautegemea mkono wako." Miaka kumi na moja mtu anavizia vijinyota, na sasa kimekuja kitu chenye uzito wa kweli, na anayeombwa apime ni yeye. Kwa mkaguzi wa mizani hakuna heshima inayozidi hiyo.

Basi akaitoa saa chini ya mataulo, akaenda kupima mwenyewe. Siku ya kwanza alishika darubini kwa mkono mmoja na saa kwa mkono wa pili, na darubini ikatetemeka mpaka Pipa likaonekana mapipa matatu. Siku ya pili aliifunga darubini kwenye mpini wa fagio. Siku ya nne fagio likaanguka. Alijizoeza kubonyeza na kusema "Sasa!" kwa pamoja, peke yake gizani, hata jirani akauliza ng'ambo ya ukuta, "Sasa nini, mzee?" Kila asubuhi alileta kikaratasi dukani kwangu, mimi nachapa na kutuma. Nyumbani wawili hao walisalimiana, walipeana chumvi, waliulizana kama maji yametoka. Kigoda kilikaa pale juu ya zege bila mtu.

Wiki ya pili jibu likaja. Nilikuwa na wateja watatu kwenye foleni na nilicheka mpaka mmoja akauliza kama amekosea kujaza fomu. "Kituo cha Kumi na Tisa," aliandika Mpiga Hesabu, "vipimo vyako kumi na kimoja vya mwisho nimelazimika kuvitupa. Kimoja kimewahi nusu sekunde, kingine kimechelewa sekunde nzima. Kwa vipimo hivyo Pipa limepanda juu, na mapipa hayapandi. Je, mkono unauma? Au siku hizi anabonyeza mtu mwingine? Pito la Alhamisi ndilo la mwisho kwenu kabla halijaanguka. Tafadhali, naomba mkono wa zamani."

Nilimpa shemeji karatasi ile bila kusema neno, jambo ambalo kwangu ni kazi nzito. Akaisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

Jioni aliniita jikoni. Akanisimamisha mbele ya saa ya ukutani: mshale wa sekunde ukifika juu, niseme "Sasa!", ukizunguka ukarudi juu, niseme tena, na yeye abonyeze mara zote mbili. Mkono ulio sawa utapata sitini kila mara, hata kama unachelewa, maana utachelewa sawasawa kwenda na kurudi. Yeye alipata hamsini na tisa na nusu. Akapata sitini na moja. Akapata sitini kasoro kitu, akafurahi, kisha akapata sitini na moja tena. Akasema kosa ni la mdomo wangu. Tukabadilishana, na mimi, ambaye sijawahi kupima mapigo ya moyo ya hata kuku, nikamshinda.

"Shemeji," nikamwambia, "hiyo mizani yako inapunja."

Alikaa pale jikoni ameshika saa. Nilimwonea huruma, ingawa kidogo tu.

Asubuhi dada aliamka mapema kwa ajili ya zamu. Mimi nilikuwa nafagia ukumbini, nikamwona amesimama sebuleni viatu mkononi, uso ameuelekeza ukutani. Kwenye fremu ya cheti ilikuwa imening'inizwa kadi nyekundu. HAIFAI KUTUMIKA MPAKA IKAGULIWE UPYA. Kulikuwa na tarehe, sahihi, namba ya muhuri, yote kamili kama ya buchani. Na kwenye mstari wa sababu, kwa ule mwandiko wake wa kulala upande: "Mwenye mkono hakutajwa."

Dada aliisoma mara mbili. Akaanza kucheka bila sauti, mabega tu. Mizani alikuwa amekaa mezani anapangusa mawe yake ya shaba, ambayo alikuwa ameyapangusa jana.

"Baba watoto, umeipiga muhuri karatasi ya watu?"

"Mizani ikipunja inafungwa. Sheria haichagui duka."

"Na aliyepunjwa anapewa nini?"

Mizani akafikiri. Miaka yote hiyo nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. "Sheria haijasema."

"Basi nitasema mimi. Saa nitashika. Ila kwanza nataka kuona."

"Kuona nini?"

"Setilaiti."

Akacheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. "Si umeona elfu nne?"

"Umeona wewe. Mimi nimeona saa, tochi na kitambaa chekundu. Mwaka ule wa kwanza niliinua kichwa mara moja, ukasema nimeharibu kipimo, ukanuna mpaka Jumapili. Sikuinua tena."

Niliacha kufagia. Nimesimama mlangoni pale na kikombe cha chai jioni ngapi, nimeviona vingapi, na siku moja sijamuuliza dada yangu wa tumbo moja kama naye anaona. Niliona aibu, tena si aibu ya kutaniwa.

Mizani akasafisha koo. "Kuna nyingine wiki ijayo, tena nzuri. Kwa sababu hii ya Alhamisi, unajua, Mpiga Hesabu..."

"Najua," dada akasema. "Barua ilikuwa mfukoni mwa shati, na shati nafua mimi." Akavaa viatu vyake, akaenda kazini.

Alhamisi soko zima lilipona. Nilisikia baadaye kwamba Mizani alipita kwa wauza nyama akainua mawe na kuyashusha bila kusoma kitu, na mmoja akamkumbusha kwa woga kwamba bado hajaangalia ya kwake. Kwa hesabu yake mwenyewe alijua: dada akishika saa, kipimo kitatoka safi, Mpiga Hesabu atatoa tatu na kuendelea na safari, na jina la Kituo cha Kumi na Tisa litasimama tena. Dada akitazama, jina hilo linakwenda na Pipa.

Saa moja kasoro, kamba ikafunguliwa. Na dada akatoka na aproni yake, tochi yake na kitambaa chekundu, akakaa kwenye kigoda na saa mapajani. Kichwa chini. Alikuwa ameamua kumsitiri, nami nilikasirika kwa niaba yake, maana ndivyo alivyo, hupigania haki yake asubuhi na kuigawa jioni.

Mizani alisimama mbele yake. Akanyoosha mkono, akaichukua ile saa.

"Kaa kwenye kiti."

"Utaharibu," dada akasema.

"Nitaharibu. Kaa kwenye kiti. Zile nyota mbili juu ya tangi la jirani, unaziona? Likifika katikati yake, sema 'Sasa'. Mimi nitabonyeza."

Akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni. Akawasha tochi, akaielekeza kwenye saa, akainamisha kichwa, kidole kwenye kitufe.

Pipa liliwahi karibu dakika nzima. Lilitoka chini kabisa, kaskazini magharibi, kubwa kuliko nilivyowahi kuliona, linabiringika; likawaka, likafifia, likawaka. Darubini haikuhitajika. Dada aliinuka kwenye kiti. Nilimwona akilifuata kwa kidevu, mkono mmoja kauweka mdomoni. Pipa likafika kwenye zile nyota mbili, likapita katikati yake sawasawa, likaenda zake juu ya paa la jiko, juu ya kichwa changu, mpaka likaingia kwenye kivuli cha dunia na kuzimika.

Mizani hakunyanyua kichwa. Macho kwenye saa, kidole kwenye kitufe, shingo imemkauka. Nilingoja, nikahesabu moyoni.

"Bado?" akauliza.

"Limeshapita," dada akasema.

"Hukusema 'Sasa'."

"Nilisahau." Bado alikuwa anatazama pale lilipozimikia. "Linapepesa. Miaka yote hukuniambia kwamba yanapepesa."

Saa ilikuwa inaonyesha sifuri tatu. Mimi nilijiandaa kwa mnuno wa mpaka Jumapili, nikawa natafuta la kusema la kumwokoa dada. Mizani akaitazama ile saa. Kisha akazima tochi.

"Hebu niambie," akasema, "lilikuwaje?"

Dada akamwambia. Mtu wa maneno machache, alizungumza mpaka mbu wakatufukuza nje, na shemeji yangu alikaa kwenye kigoda kile akimsikiliza bila kumkatiza hata mara moja.

Asubuhi alikuja dukani na kikaratasi chake kama kawaida. Nilikisoma, nikamuuliza kama ana hakika. Akaniambia nichape kilivyo. Kilisema: "Kituo cha Kumi na Tisa. Pipa limeonekana. Muda haukupimwa." Chini yake, pale panapoandikwa mwangalizi, palikuwa na jina la dada yangu, lote, pamoja na la baba yetu. Na chini zaidi alikuwa ameongeza mstari ambao fomu yao haina, "Mbonyezaji tu", na hapo ndipo alipoandika lake.